Gari ni la nani?

Wengi wakishika vitabu vya wanawake Wamarekani wenye asili ya Meksiko hutafuta ukurasa ambao mke anamjibu mumewe kwa ukali. Watasubiri sana. Katika The House on Mango Street cha Sandra Cisneros, kilichotoka 1984, uasi wa msichana Esperanza unaanzia mezani. Akimaliza kula anaondoka kama wanaume wanavyoondoka: kiti hakirudishi, sahani haigusi. Hotuba hakuna, na anayesoma mbiombio anaupita uasi huo bila kuuona.

Mimi naona vitabu hivi vinasomeka vizuri zaidi ukifuatilia vyombo kuliko maneno. Kila chombo kiulizie mwenyewe ni nani.

Chukua dirisha. Bibi mkuu aliyemwachia Esperanza jina alifunikwa gunia kichwani akabebwa kwenda kuolewa, akamalizia maisha dirishani. Kitukuu wake amekubali kurithi jina, lakini dirisha amelikataa. (Kwa Kihispania jina hilo limetokana na kitenzi chenye maana ya kutumaini na ya kungoja pia, akina Tumaini wetu wamepona nusu ya mzigo.) Rafaela naye, mwanamke wa mtaa huohuo, hufungiwa ndani kila Jumanne mumewe akienda kucheza domino, kwa kuwa ni mzuri mno, asije akatoroka. Huwarushia watoto dola moja wakamnunulie maji ya nazi au ya papai, kisha huyavuta juu kwa mfuko uliofungwa kwenye kamba ya kuanikia nguo. Ufunguo anao mume.

Kwa Sally, rafiki wa Esperanza, ndipo wasomaji wanapokosea zaidi. Baba yake anampiga, hivyo anaolewa kabla hajafika darasa la nane, na wengine husema angalau amepata kwake. Hebu soma tena. Taulo na kibaniko cha mkate anavyo, na anapenda kuvitazama. Simu haruhusiwi kuzungumza. Hata dirisha, ambalo Rafaela alikuwa nalo, Sally amenyimwa. Ndoa imempa vyombo na kumpunguzia nafasi.

Alicia, msichana mwingine wa mtaa huo, ndiye anayenikosesha raha. Mama yake amekufa, kwa hiyo kifimbo cha kusukumia chapati za mahindi kimemwangukia yeye. Alfajiri yuko jikoni, kisha anapanda treni mbili na basi kwenda chuo kikuu. Kumwita mwanamke huru ni kusahau kwamba anafanya zamu mbili na baba haoni ajabu.

Baadaye, 1991, Cisneros akatoa hadithi ya Cleófilas, aliyevuka mpaka kutoka Meksiko kuja kuolewa Seguin, Texas, akaishia kupigwa. Anayemtorosha ni Felice, kwa pikapu. Cleófilas anamuuliza kama gari ni la mumewe. Felice hana mume. Gari amelichagua mwenyewe na analilipia mwenyewe. Wakivuka kijito anapiga ukelele kama Tarzan, na mwenzake anashangaa.

Wahakiki wanaupenda ukelele huo, nami naupenda. Ila pikapu inaelekea kituo cha basi San Antonio, na basi linaelekea Meksiko, kwa baba na kaka sita wasio na kazi ya maana. Cleófilas ana mtoto mmoja mkononi na mwingine tumboni. Gari bado ni la Felice.