Kila Muongo na Harufu Yake

Mjomba wangu alikuwa baharia, na juu ya kabati lake pale Ngamiani, Tanga, ilikaa chupa ya kijani yenye mkufu mwembamba shingoni na kidani cha rangi ya fedha. Brut. Akimaliza kunyoa ndevu alimimina kidogo kiganjani, akajipiga mashavuni mara mbili, na chumba kizima kikajaa harufu ya lavanda. Ijumaa ilikuwa habari nyingine. Kanzu ilitandazwa juu ya tenga lililopinduliwa, chini yake chetezo chenye kipande cha udi, na mjomba akishaelekea msikitini ungejua kapita hata kama hukumwona.

Nimemkumbuka sana tangu harusi ya mwezi uliopita. Tulikaa mkekani kusubiri nikaha, mbele yangu vijana kama kumi na watano, na wote walinukia kitu kimoja: utamu uleule, na ule ukavu unaong'ang'ania puani. Siwalaumu. Sisi tuliokuwa vijana miaka ya tisini tulinukia bahari, sote.

Watu husema ladha za wanaume hubadilika kila muongo. Mimi naamini kinachobadilika kwanza ni kile wanakemia wanachowapa watengenezaji. Pua zetu hufuata nyuma. Mwaka 1882 Paul Parquet, wa nyumba ya manukato ya Houbigant huko Ufaransa, alitia kumarini ya maabara, kemikali yenye harufu tamu ya nyasi kavu, katika manukato ya Fougère Royale, na ukoo mzima wa manukato ya kiume ukazaliwa hapo. Brut, iliyotoka 1964, ni mjukuu wa ukoo huo. Miaka miwili baadaye Edmond Roudnitska alitumia hedioni, kemikali yenye harufu ya asumini, katika Eau Sauvage ya Dior, na wanaume wakaanza kubeba upepo wa asumini chini ya ndimu bila kujua kwamba ni asumini.

Lakini ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa mtu mmoja, Pierre Bourdon. Mwaka 1981 alitunga Kouros ya Yves Saint Laurent, manukato mazito, yenye joto la mwili na unyama ndani yake. Kiswahili kimetenganisha kunuka na kunukia. Kouros ilisimama mpakani, mguu huku mguu kule, nayo ilipendwa mno. Mwaka 1988 Bourdon huyohuyo akatunga Cool Water ya Davidoff: baridi, safi, kama shati lililoanuliwa sasa hivi kambani. Miaka saba tu, pua ileile! Katikati ilipita Drakkar Noir ya 1982, iliyojaa dihidromirsenoli, kemikali yenye harufu ya usafi inayotiwa pia kwenye sabuni za kufulia. Bourdon akaiongeza kipimo, na mwanamume wa kunukia ngozi akawa mwanamume wa kunukia bafu.

Kisha ikaja bahari yetu ya miaka ya tisini. Kaloni, kemikali yenye harufu ya upepo wa pwani na tikiti maji, iligunduliwa na wanakemia wa kampuni ya dawa ya Pfizer mwaka 1966, ikakaa miaka mingi kabla ya kutamba. Ilipoingia kwenye manukato ya Acqua di Giò, 1996, kila mmoja wetu alitaka kunukia maji. Sisi, watoto wa pwani, tukinunua harufu ya bahari kwa bei ya mshahara wa wiki! Nilijinyima chakula cha mchana nipate chupa ndogo, na sijutii, maana niliipenda kwelikweli.

Ila kinachoniuma ni hiki. Sauvage ya 2015 (si ile Eau Sauvage ya 1966), ambayo vijana wengi wanaijua hata wakifumba macho, imesimama juu ya ambroksani, kemikali inayoiga ambari. Ambari ni yetu. Al-Masudi, mwandishi Mwarabu wa karne ya 10, aliisifu ambari ya bahari ya Zanji, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki, ile iliyookotwa ufukweni baada ya kutoka tumboni mwa nyangumi. Na udi ulipoingia kwenye chupa za kampuni kubwa za Magharibi, kwa M7 ya Yves Saint Laurent ya 2002 na Oud Wood ya Tom Ford ya 2007, tuliuziwa kama kitu kipya. Wakati huo chetezo cha mjomba kilikuwa stoo, kimeshika kutu.

Mwanamume wa pwani hakuwa na harufu moja ya kuchagua dukani. Alikuwa na moshi kwenye kanzu, tone la mafuta nyuma ya sikio, na losheni shavuni, na mchanganyiko ule ulikaa kwenye ngozi yake yeye tu. Hata Brut juu ya mjomba haikuwa Brut ya jirani, kwa sababu chini yake palikuwa na udi wa Ijumaa iliyopita. Huo ndio ufundi ninaoutaka urudi, na chupa za kisasa zibaki humohumo ndani ya mchanganyiko.

Mwanangu wa kiume ana miaka kumi na tisa. Ijumaa ile baada ya harusi nilimpa nusu tola ya mafuta ya udi, nikamwonyesha: tone moja nyuma ya kila sikio, usisugue, subiri likauke, kisha jipulizie chupa yako mara moja tu, kifuani. Aliporudi kutoka msikitini aliniambia watu watatu walimuuliza kajipaka nini, naye hakuwa na jina la kuwatajia.