Bwana Afya Mlangoni: Kitabu cha Faini au Kibuyu Chirizi?

Mvua za vuli zikianza Mwanza, wakazi wa mabondeni hawasubiri tangazo. Magodoro yanapandishwa mezani, viatu vinaingizwa ndani, watoto wanaitwa. Kinachokuja si maji peke yake. Huko juu, kwenye milima ya mawe, zipo nyumba zinazongoja mvua kubwa ili zitapishe vyoo. Tambara linachomolewa kwenye bomba lililotokezwa chini ya ukuta wa shimo, na uchafu wa miezi mingi unateremka na maji. Unapita uani kwa watu, unaingia mferejini, unaingia Mto Mirongo, na Mirongo unaumwaga ziwani. Ziwa hilohilo ndilo tunalovua, tunalofulia, na ndilo linalotunywesha.

Kipindupindu kikirudi, kama kilivyorudi mwaka 2015 na tena mapema mwaka 2024 baada ya mvua za El Niño, mji hugawanyika pande mbili. Wapo wanaosema watu wamechezewa vya kutosha: watapishaji vyoo wafikishwe mahakamani, mama ntilie wafungiwe, faini ya papo kwa papo itembee. Wapo wanaosema maskini haadhibiwi kwa umaskini wake: aelimishwe, asaidiwe, apewe muda. Anayesimama katikati ya maneno hayo ni mtu mmoja mwenye pikipiki na begi la makaratasi, afisa afya wa kata, ambaye wazee wetu bado wanamwita bwana afya.

Kazi yake ni pana kuliko wengi tunavyodhani. Anakagua mabucha, magesti, saluni, migahawa na vyoo vya shule. Anapima kama maji ya bomba yana klorini ya kutosha. Anafuatilia kama wapika chakula wamepima afya. Mtu akifa kwa ugonjwa wa kuambukiza, yeye ndiye anayesimamia maziko ili msiba usizae misiba. Wilaya za Nyamagana na Ilemela, zinazounda jiji la Mwanza, kwa pamoja zilikuwa na zaidi ya watu milioni moja kwenye sensa ya 2022, na wengi wao wanaishi mitaa ambayo gari haliingii.

Nianze na wanaotaka sheria ikaze, kwa sababu hoja yao mara nyingi inadharauliwa na watu wanaoishi mbali na mfereji.

Kipindupindu hakina subira. Dalili zinaweza kuanza saa chache tu baada ya kumeza vimelea, au siku tano baadaye, na mgonjwa aliyezidiwa anaweza kufa siku hiyohiyo kwa kuishiwa maji. Akitibiwa mapema kwa maji ya chumvi na sukari yaliyochanganywa sawasawa, na dripu kwa aliyezidiwa, ni nadra kufa. Chini ya mmoja kati ya mia. Lakini kutoka kata ya Mabatini usiku wa mvua hadi kituo cha matibabu, mama akiwa na mtoto aliyelegea mgongoni, ni safari ndefu. Kwa hiyo anayechomoa lile tambara hafanyi jambo la nyumbani kwake. Anamwaga ugonjwa kwenye ua wa mwenzake. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya nguvu ya kuingia, kukagua, kuandika notisi na kumfikisha mtu mahakamani kwa sababu hiyo hasa. Yule wa bondeni naye ni maskini, na hakuna mahali pengine pa kumlinda.

Kuna jambo jingine ambalo wapenda elimu huliruka. Vyoo hutapishwa usiku, au mvua inaponyesha kwa nguvu kiasi kwamba huoni nyumba ya jirani. Hakuna anayefanya hivyo saa nne asubuhi jua likiwaka. Anayejificha anajua anachofanya. Huyo semina haina cha kumwongezea.

Hoja hiyo ina uzito, na nakiri iliwahi kunishika kabisa. Kilichonilegeza ni asubuhi moja niliyotembea na afisa afya katika kata moja ya mlimani, ambayo sitaitaja.

Tulifika kwenye banda la mama ntilie saa moja na nusu. Sufuria la supu linachemka, chapati zimefunikwa kwa kitambaa, wateja ni mafundi na madereva wa bodaboda. Pembeni kuna beseni moja la kunawia. Nilihesabu watu saba wakinawa humo bila maji kubadilishwa, na yalikuwa yameshafanana na chai ya maziwa.

"Mwangaluka, mayu," afisa akasalimia.

"Mwangaluka, baba. Karibu supu," mama akajibu, lakini macho yake yalikuwa kwenye begi.

Mwaka uliotangulia, alituambia, alikuja afisa mwingine na mgambo wawili. Faini elfu hamsini na banda likafungwa. Alichofanya ni kuhamishia jiko nyuma ya ukuta wa jirani, akapika humo wiki tatu, wateja wakimfuata kimyakimya. Beseni lilikuwa lilelile. Tofauti ni kwamba sasa hakuna aliyelikagua. Alipoulizwa kwa nini habadilishi maji, alionyesha kwa kidole chini mtaani: dumu moja la lita ishirini linapandishwa kichwani, na wa kulipandisha analipwa.

Afisa hakubishana. Aliomba dumu tupu la lita tano, akapasha msumari kwenye mkaa, akalitoboa karibu na mdomo, akafunga kamba na kijiti cha kukanyagia, akalitundika kwenye nguzo ya banda. Ni kibuyu chirizi, ufundi unaofundishwa kila mahali nchini. Ukikanyaga kijiti, maji yanachirizika kidogo, unanawa, yanakoma. Mama alinawa, akatazama, akanawa tena. Maji ya dumu lile yanatosha watu wengi kuliko beseni, na hakuna anayenawa uchafu wa mwenzake. Ndipo afisa akatoa kitabu chake, akaandika notisi: siku saba awe na ndoo yenye koki, na sabuni.

Dakika kumi na tano hivi. Nimesikia mijadala mirefu ya afya ya jamii isiyofika hapo.

Wanaotetea upande wa elimu na msaada wana hoja nyingine nzito kuliko huruma. Wengi wanaoambukizwa kipindupindu hawaoni dalili yoyote, au wanaona kidogo tu, lakini vimelea hutoka kwenye choo chao kwa siku kadhaa, hata kumi. Huwezi kumkamata mtu ambaye hata yeye hajui kama amebeba. Njia ya kumpata ni kuambiwa: jirani akwambie nani kaharisha, mke akwambie mume alikula wapi, mama ntilie akwambie kijana wake wa kuosha vyombo hajaja kazini tangu juzi. Nani atamwambia hayo mtu anayetembea na mgambo?

Ng'ambo ya ziwa, Bukoba, tuliona thamani ya kuambiwa. Machi 2023 Marburg ilithibitishwa mkoani Kagera, ugonjwa ambao hauna dawa maalumu wala chanjo iliyoidhinishwa. Waliougua walikuwa 9, waliofariki 6, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kuisha. Uliishia hapo kwa sababu waliokuwa karibu na wagonjwa walitafutwa na kufuatiliwa siku 21, siku baada ya siku, na wahudumu waliobisha hodi na kufunguliwa mlango.

Watetezi hao hupenda pia kukumbusha Mtu ni Afya, kampeni ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili walipokusanyika vikundi vikundi kusikiliza redio na kujadili usafi, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Ni historia ya kujivunia. Hapo ndipo na mimi napotofautiana nao kidogo. Kampeni ile ilimwambia mwanakijiji achimbe, na chini ya miguu yake kulikuwa na udongo. Mwanza ni jiji la mawe, na mawe hayo tunayoyapiga picha ndiyo yaliyo chini ya nyumba za Igogo na Mabatini. Unachimba mita moja, sururu inalia. Shimo linakuwa fupi, linajaa haraka, na gari la kunyonya majitaka haliwezi kupanda vichochoro vya ngazi za mawe. Mtu wa namna hiyo mpe elimu yote ya dunia, shimo lake litajaa. Mtoze faini, litajaa vilevile, ila sasa ana elfu hamsini pungufu.

Kwa hiyo swali la faini au elimu, kwa maoni yangu, limekaa upande. Linalotakiwa kuulizwa kabla ya kitabu kutoka begini ni hili: huyu mtu alikuwa na njia nyingine? Mama wa beseni alipewa njia, akaishika palepale. Akirudi kwenye beseni baada ya kuwa na koki, faini ni halali na mimi nitakuwa wa kwanza kuitetea. Kwa vyoo vya mlimani njia ipo na imeshaanza kujengwa: mabomba membamba ya majitaka yanayopita katikati ya nyumba, bila kuhitaji barabara, kama yaliyowekwa na mamlaka ya maji sehemu za Igogo, Mabatini na Kilimahewa. Yanapofika, hesabu yote inabadilika. Mwenye nyumba ambaye bomba limepita mita chache na ukuta wake akakataa kuunganisha, huyo apelekwe mahakamani bila kubembelezwa.

Nimesema mwenye nyumba kwa makusudi. Milimani wengi ni wapangaji. Choo si chao, shimo si lao, na ruhusa ya kubomoa ukuta ili bomba lipite si yao. Hata hivyo notisi hubandikwa kwenye mlango wa anayeonekana. Hii ndiyo kasoro inayoniuma kuliko zote, kwa sababu inaweza kurekebishwa bila fedha ya mradi wowote. Mtendaji wa mtaa anawajua wenye nyumba wake kwa majina. Notisi iende kwa anayepokea kodi.

Marufuku za vyakula barabarani nazo zinahitaji kisu chembamba kuliko panga linalotumika. Mlipuko ukitangazwa, kila kinachouzwa kando ya njia hupigwa marufuku kwa pamoja. Vimelea hivi huuawa na moto. Wali unaotoka jikoni ukifuka mvuke, au supu inayochemka, si sawa na tikitimaji lililokatwa tangu asubuhi, kachumbari, au juisi iliyopozwa kwa barafu isiyojulikana maji yake yametoka wapi. Ukifunga vyote, unamnyima fundi chakula cha moto na kumsukuma kwenye cha baridi kinachouzwa kwa kificho. Wanaotetea marufuku ya jumla wanasema amri fupi hutekelezeka, na afisa mmoja hawezi kupima mvuke wa kila sufuria. Ni kweli, kwa siku za mwanzo, hofu ikiwa juu. Baada ya hapo naona bora kuzuia vya baridi, kuruhusu vya moto kwa sharti la maji yanayotiririka na sabuni, na kulisimamia sharti hilo kila siku.

Na kuna suala la fedha. Faini zinazotozwa kwa sheria ndogo huingia kwenye mapato ya halmashauri. Siamini kwamba maafisa wetu wanaamka wakiwaza risiti. Lakini afisa anayeulizwa kwenye kikao amekusanya kiasi gani, badala ya kuulizwa koki ngapi zimefungwa na nyumba ngapi zimeunganishwa, atafuata anachoulizwa. Binadamu yeyote angefanya hivyo. Wanaosema faini zinasaidia kununua mafuta ya pikipiki na klorini wana hoja, maana bajeti za kinga huwa nyembamba. Ila mafuta hayo yakitegemea makosa ya mama ntilie, siku akiwa msafi pikipiki itasimama.

Siku ile, kabla ya kuondoka, tulizunguka nyuma ya banda. Chini ya ukuta wa choo cha nyumba ya wapangaji kulikuwa na bomba la inchi nne, limezibwa kwa tambara la kanga. Afisa aliuliza mwenye nyumba ni nani. Anaishi upande mwingine wa jiji, wakamwambia, na simu ilipopigwa haikupatikana. Mpangaji aliyekuwa mlangoni, binti mwenye mtoto mchanga, aliikataa notisi, mikono nyuma, akisema choo si chake. Ikabandikwa ukutani.

Nilipita tena baada ya wiki mbili. Ndoo ya koki ipo, ya bluu, na kipande cha sabuni kimetobolewa na kufungwa kwa uzi kisiibwe. Mama alinionyesha kabla sijauliza. Nyuma ya banda notisi ilikuwa imechanika nusu kwa upepo, tambara la kanga lilikuwa palepale, na upande wa ziwa wingu lilikuwa linajikusanya.