J-7 za Mchina: kabla hujacheka, angalia pua yake

Wabongo na Wakenya wakianza kutambiana majeshi mitandaoni haipiti muda mtu anatupa ile ya "nyie mna MiG-21 ya Mchina, rada yake haioni hata kunguru". Anasemea J-7, ndege ya kivita ya Tanzania iliyotokana na MiG-21 ya Mrusi. Anajibiwa kwamba F-5 za Kenya, za Mmarekani, zilianza kufika tangu 1978, kelele zinaendelea. Mi naona wanaocheka wana hoja, ila ni nusu, na ile nusu nyingine hakuna anayeisema.

Ni kweli ukoo wa J-7 ni mkongwe. Mchina alipewa leseni ya MiG-21F-13 mwaka 1961, uhusiano wake na Mrusi ukaharibika, akabaki na michoro isiyokamilika, akahangaika nayo mwenyewe mpaka ya kwanza ikaruka Januari 1966. Lakini zimeendelea kuundwa hadi 2013! Yaani jina moja limebeba ndege zilizopishana karibu miaka 50, na ile J-7G ambayo Tanzania iliichukua ina bawa tofauti kabisa na la zamani na ina rada ambayo babu yake hakuwahi kuiota. Mtu akikuambia "J-7" tu bila kutaja ni ya aina gani, bado hajakuambia kitu.

Za mwanzo kusema ukweli hazikuwa na rada ya kutafuta adui. Kale karada kake kalikuwa kanampimia rubani umbali wa shabaha ambayo ameshaiona kwa macho yake, ili alenge mzinga vizuri, basi. Hata F-7M ya miaka ya 80 (F-7 ni jina la J-7 za kuuzwa nje) iliyofungwa rada ya Skyranger ya Mwingereza kazi ilikuwa hiyo hiyo. Pakistan ndio wakaenda kwa Mtaliano wakafunga rada ya Grifo, hapo ndege ikaanza kutafuta yenyewe.

Sasa kwa nini wasifunge tu rada kubwa? Pua. J-7 inavuta hewa ya injini kupitia puani, katikati ya lile tundu kuna koni, na antena lazima ienee ndani ya koni. Na hapa kuna hesabu ambayo watu wanairuka. Wimbi la rada linatawanyika likienda, likigonga ndege linatawanyika tena likirudi, kwa hiyo kinachorudi ni kidogo mno. Ukiongeza nguvu ya rada mara mbili, umbali wa kuona unaongezeka kama asilimia 19 tu. Asilimia 19! Ukitaka uone mbali mara mbili kwa kuongeza nguvu peke yake, unahitaji nguvu mara 16, na hiyo nguvu inataka umeme, inataka kupozwa, inataka nafasi, vitu ambavyo kindege kidogo cha injini moja hakina. Lakini ukipanua antena upana wake ukawa mara mbili, mengine yote ukayaacha vilevile, umbali nao unakuwa mara mbili. Kwa hiyo fundi wa rada hata awe bingwa namna gani, ukimpa koni ile umeshamfunga mikono. Na hao wa F-5 wasicheke sana, pua yao haina tundu la hewa lakini F-5E imepanga humo humo mizinga miwili ya milimita 20, rada ikabaki inabanana.

Wachina wenyewe walilijua hili mapema. Ndio maana kwenye J-8II, ndege yao nyingine ya kivita iliyoruka mara ya kwanza Juni 1984, walihamisha matundu ya hewa yakaenda ubavuni ili pua yote iachiwe rada. Ila nafasi walipata, rada ya kuijaza hawakuwa nayo. Wakaenda kwa kampuni ya Grumman ya Marekani, wapate seti 55 za vifaa vyenye rada ya ukoo wa ile ya F-16 ya Mmarekani, halafu yakatokea mauaji ya waandamanaji wa Tiananmen 1989, Marekani ikasimamisha, na 1990 Mchina akajitoa. Pua kubwa ikakaa miaka na rada ya kuunga unga.

Turudi kwa J-7, maana swali langu ni je, inahitaji kuona mbali yenyewe? Hizi ndege tangu zinabuniwa zilikuwa za kuongozwa kutoka chini. Rada kubwa ya ardhini inaona, mwongozaji anamwambia rubani geuka, panda, yuko mbele yako, na rada ya ndege inamalizia kilomita chache za mwisho. Angalia Sri Lanka. Machi 2007 waasi wa Tamil Tigers walipiga kambi ya anga ya Katunayake usiku kwa vindege vya Zlin, vile vya viti vinne vya propela. Serikali ilikuwa na Kfir na MiG-27, ndege ilizozitumia kupiga ardhini, usiku hazikuwa na la kufanya. Wakanunua F-7G, na Septemba 2008 jeshi likatangaza limeangusha Zlin kwa kombora kutoka F-7. Tigers walikataa. Lakini fikiria tu nchi ikiwa na shida halisi, ikachagua hiki "chuma chakavu" makusudi kwa sababu ya rada yake.

Wanaocheka nao wana lao zito. Februari 2009 Zlin mbili zilifika mpaka Colombo, moja ikagonga jengo la mapato, nyingine ikaanguka karibu na Katunayake, na waliozidungua ni bunduki za chini sio F-7. Injini ndogo ya propela mara nyingi haina joto la kutosha kwa kombora linalofuata joto, na ndege ikipita chini sana mwangwi wa ardhi unaimeza kama rada yako haiwezi kutenganisha kinachotembea na kilichosimama. Halafu ukimleta adui mwenye kombora la mbali, rubani wa J-7 atapigwa kabla hajajua kuna mtu. Hilo sibishani nalo. Ila nani huku kwetu anaishi jirani na adui huyo?

Kinachoniumiza kichwa zaidi ya rada ni mafuta. Ndege yenyewe ndogo, haikai angani muda mrefu, kwa hiyo rubani hana dakika za kuzunguka anatafuta. Rada ya chini ikichelewa kuona, au mwongozaji akiwa hajafanya mazoezi ya kutosha na rubani yule, atafika mahali pakiwa patupu na itabidi arudi. Ningekuwa mimi ndo napanga bajeti, hela ya kwanza ingeenda kwenye rada za ardhini za mipakani na masaa ya kuruka ya marubani, ndege mpya baadaye.