Hatari Isiyotoa Mlio: Mifuko ya Hewa ya Takata katika Magari Yetu ya Mtumba

Mwenye gari wa Dar es Salaam au Mombasa hujifunza kulisikiliza gari lake mapema sana. Mgongano wa "ko-ko-ko" upande wa mbele kila anapovuka tuta humwambia kwamba bushi au stabilaiza linki zimekwisha. Mlio wa "ta-ta-ta" anapokata kona kali humwonyesha jointi ya ekseli, mvumo unaokua kadiri mwendo unavyoongezeka huwa wa beringi ya gurudumu, na mkwaruzo wa chuma kwa chuma anapokanyaga breki haumpi nafasi ya kungoja mwisho wa mwezi. Elimu hii hupatikana gerejini na barabarani, na kwa hakika imewaepusha wengi na ajali. Imezaa pia imani kwamba gari lisilolia ni gari zima, na imani hiyo ina gharama kubwa pale kasoro inapokuwa ya kiwandani na isiyo na sauti.

Mfano mkubwa wa kasoro ya namna hiyo ni mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani. Nyuma ya kila mfuko pana kopo la chuma lenye vidonge vya kemikali ambavyo huwaka kwa kufumba na kufumbua gari linapogonga, vikatoa gesi ya kuujaza mfuko. Takata ilitumia nitrati ya amonia, na katika makopo mengi haikuweka kitu cha kufyonza unyevu. Joto la mchana, ubaridi wa usiku na unyevunyevu wa hewa, vikirudiarudia kwa miaka, huvimomonyoa vidonge hivyo hadi vinawaka kwa kasi kuliko kopo linavyoweza kuhimili. Kopo hupasuka, na vipande vya chuma humrukia usoni na shingoni mtu yuleyule ambaye mfuko uliwekwa kumlinda. Taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi hukagua nyaya na vihisio tu, hivyo haiwezi kuonyesha kwamba vidonge vimeharibika.

Honda ilianza kuyaita magari machache, yaani kuwataka wenyewe wayarudishe yakarekebishwe bure, mwaka 2008. Kufikia Juni 2017, Takata ilipoomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, miezi michache baada ya kukiri kosa la jinai nchini Marekani, mwito huo ulikuwa umewafikia watengenezaji wengi na kuwa mkubwa kuliko wote katika historia ya magari. Kwa Marekani pekee makopo yapatayo milioni 67 yamehusika, na vifo 28 vimethibitishwa. Mwaka 2014, mjini Orlando, polisi walidhani kwanza kwamba mwanamke aliyekutwa ndani ya gari lililogonga alikuwa amechomwa kisu, kwa jinsi majeraha ya shingo yalivyokuwa. Barua ya kumtaka apeleke gari likarekebishwe ilifika nyumbani kwake baada ya ajali.

Barua ile ilichelewa, lakini kwetu sisi barua haiji kabisa. Mwito wa kurudisha gari hupelekwa kwa mmiliki aliyesajiliwa, na gari la mtumba lililopakiwa melini Yokohama au Nagoya limekwisha kufutwa katika daftari la Japani. Mmiliki wake wa pili, wa tatu au wa nne yuko Mbagala au Kisauni, na mtengenezaji hana anwani yake. Hapo ndipo swali linapowagawa wenye magari: je, serikali zetu zizuie gari lolote lenye mwito ambao haujatekelezwa lisipakiwe melini, au hilo ni kumwongezea mnunuzi mzigo kwa ajili ya hatari ndogo?

Wanaopinga wana hoja ambazo hazipaswi kupuuzwa. Ya kwanza ni ya uwiano. Vifo 28 katika nchi yenye mamilioni ya magari yaliyoguswa, kwa zaidi ya miaka kumi, ni idadi ndogo ikilinganishwa na wanaokufa kwa mwendo kasi, matairi yaliyokwisha, breki mbovu na kutofunga mikanda. Mtu mwenye fedha ya kutengeneza kitu kimoja tu, wanasema, aanze na matairi, na katika hilo nakubaliana nao kabisa. Ya pili ni ya hali ya hewa: makopo huharibika upesi zaidi penye joto na unyevunyevu, kwa hiyo gari la Njombe au Limuru halina hatari sawa na la Tanga. Ya tatu ni ya bei. Kila cheti kipya bandarini hulipiwa na mnunuzi wa mwisho, na kwa familia nyingi gari la mtumba ndilo gari pekee wanaloweza kulipata.

Hata hivyo, hoja ya uwiano ina kasoro: inachukulia kwamba matairi na mfuko wa hewa vinagombea fedha ileile. Gari likiwa bado Japani, rekebisho la mwito halimgharimu mwenye gari chochote, kwa kuwa hulipwa na mtengenezaji. Kinachohitajika ni kuliangalia katika orodha ya magari yaliyoitwa kabla halijaondoka. Gharama inakuja likishavuka bahari, kwa sababu wakala wa hapa anaweza kusema kwamba gari hilo hakuliuza yeye, na hata akikubali kulipokea, kipuri chenyewe huenda kikasubiriwa kwa miezi.

Hoja ya hali ya hewa nayo, ikitazamwa vizuri, inawaelemea wanaoitoa. Wamarekani waliyapa majimbo ya joto na unyevunyevu kama Florida kipaumbele katika kubadilisha makopo kwa sababu hiyohiyo. Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar zina joto na unyevunyevu wa namna hiyo karibu mwaka mzima, na magari mengi hushinda juani. Ikiwa hatari inapimwa kwa tabianchi, pwani yetu ilistahili kuwa mbele katika foleni.

Zaidi ya hayo, tunaonunua mtumba hatukuwa peke yetu katika tatizo hili. New Zealand nayo huagiza magari mengi yaliyotumika kutoka Japani. Mwaka 2018 iliamuru kisheria kwamba magari yapatayo 50,000 yenye makopo ya aina ya Alpha, ambayo ndiyo ya hatari zaidi, yarekebishwe, na ikazuia yasiyorekebishwa yasiingie. Mwaka huohuo Japani yenyewe ilianza kuyanyima cheti cha ukaguzi magari yenye makopo ya hatari kubwa ambayo wenyewe walikuwa hawajayapeleka kurekebishwa. Gari lisiloweza kupita ukaguzi kwao na lisiloruhusiwa kuingia New Zealand linabaki na soko katika nchi isiyouliza. Kanuni ya Kenya ya kukataa magari yaliyozidi miaka minane imepunguza uingiaji wa yale ya zamani kabisa, ingawa haiyagusi yaliyokwisha kuingia, na Tanzania magari ya zamani yanaendelea kuingia kwa kulipiwa ushuru zaidi.

Ni haki kuongeza kwamba si kila mwito unafanana na huu. Tangu mwaka 2020 mamilioni ya magari ya Toyota na Honda yameitwa kwa sababu ya pampu za mafuta za kampuni ya Denso, ambazo feni yake ya plastiki huweza kuvimba na kukwama. Gari lenye pampu hiyo hutoa dalili: injini hutetemeka, hukataa kuwaka au huzima likiwa mwendoni, na fundi mzuri ataikamata hata bila kusoma tangazo lolote. Kwa kasoro ya aina hiyo, mazoea yetu ya kusikiliza yanatosha kwa kiasi fulani. Ndiyo maana naona sharti la bandarini lisianze na kila mwito uliowahi kutolewa, bali na ile inayohusu mifuko ya hewa, breki na usukani. Hapo wanaopinga kwa sababu ya bei watapata nafuu, na kasoro zisizo na dalili zitakuwa na mtu wa kuzitafuta.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni tiba zinazouzwa mitaani. Wapo mafundi wanaoung'oa mfuko wa hewa na kuunganisha rezista, kifaa kidogo cha umeme kinachoudanganya mfumo kwamba mfuko upo, ili taa ya dashibodi izimike, na mnunuzi anayefuata asijue kwamba usukani ni mtupu. Wapo wanaofunga mfuko uliotolewa kwenye gari lililokatwa kwa ajili ya vipuri, ambao unaweza kuwa na kopo lilelile la Takata, la miaka ileile. Sipendi kuwalaumu mafundi peke yao, maana mteja ndiye aliyeomba taa izimike kwa bei ndogo.

Kwa magari yaliyokwisha kufika, njia ipo, ingawa ni ya mtu mmoja mmoja. Namba ya chesisi ya gari la Japani, yenye herufi na tarakimu za modeli, kisha kistari, kisha namba yake, huweza kuingizwa katika tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji, nayo ikaonyesha kama gari hilo liliitwa na kama lilirekebishwa. Kurasa nyingi ni za Kijapani, lakini simu yenye programu ya kutafsiri inatosha. Jibu likiwa kwamba kopo la abiria wa mbele halijabadilishwa, muulize wakala wa aina ya gari lako, umwombe jibu la maandishi, na wakati ukingoja waketishe abiria wako kiti cha nyuma, wakiwa wamefunga mikanda. Huko Marekani, vipuri vilipoadimika mwaka 2014, Toyota yenyewe ilizima baadhi ya mifuko ya abiria na kuwataka wenye magari wasimkalishe mtu kiti hicho.