Flower of Evil: nimeipenda, ila mwisho umenidhulumu

Nimeimaliza usiku wa kuamkia leo, sehemu zote 16, na nimeamka na kinyongo. Kama hujaitazama, ishia hapa, maana nitasema kila kitu.

Ni tamthilia ya Korea Kusini ya mwaka 2020, ya kituo cha televisheni cha tvN. Lee Joon-gi ni fundi wa vyuma anayejiita Baek Hee-sung, mume mpole, baba wa binti mmoja. Mkewe, Cha Ji-won, aliyeigizwa na Moon Chae-won, ni mpelelezi wa polisi. Wamejuana miaka 14, na jina analomwitia mumewe silo lake. Mumewe ni Do Hyun-soo, mtoto wa muuaji wa watu wengi, naye anasakwa kwa mauaji. Mpelelezi anaanza kufuata nyayo, na nyayo zinamrudisha nyumbani kwake.

Mapema tu, mwandishi wa habari aliyemjua Hyun-soo zamani anaingia kwenye karakana ya Hyun-soo na kumtambua. Kufumba na kufumbua, mwandishi amefungwa kwenye chumba cha chini, na juu yake familia inaendelea na maisha. Kinachowatenganisha ni sakafu tu. Hapo nilishika mto nikaukumbatia.

Lakini kilichonifunga kwenye kiti ni uso wa Lee Joon-gi. Hyun-soo anaamini hana hisia, kwa hiyo anajifunza kutabasamu kama mtu anayekariri somo: midomo inapanda, macho yanabaki palepale. Basi anapokuja kutambua kwamba mkewe anajua yote na bado yuko upande wake, analia kama mtoto aliyepotea sokoni. Nami nililia. Sijaona mapenzi ya mume na mke yakipewa uzito namna hiyo kwenye hadithi ya mauaji.

Sasa kinyongo changu. Hee-sung halisi, yule ambaye Hyun-soo anatumia jina lake, amelala hajitambui miaka 15, anaamka, na baada ya muda mfupi ana nguvu za kuua. Hilo nililimeza kwa shida, Kim Ji-hoon anayemwigiza ameokoa kwa kuigiza vizuri. Nisichoweza kumeza ni Hyun-soo kupigwa risasi kisha kusahau miaka yote aliyoishi na Ji-won.

Kusahau! Tamthilia nzima imekuwa ikiuliza swali moja: je, mapenzi yake yalikuwa ya kweli, au nayo aliyakariri? Ji-won alikuwa na haki ya kujibiwa na mwanaume yuleyule aliyemdanganya, akikumbuka kila uongo, amtazame machoni aseme. Badala yake mwanamke aliyekwisha kuumizwa ndiye anayebeba kumbukumbu peke yake, anasubiri mumewe ampende upya. Kuna mandhari ya mwisho inayogusa moyo, sikatai, na binti yao mdogo Eun-ha alinimaliza kabisa. Ila kila walipokumbatiana nilikuwa namtazama Ji-won, nikiwaza ni nani atamwomba msamaha kwa ile miaka 14.

Itazameni. Sehemu ya 12 nitairudia wikiendi hii.