Anayetafuta Boti Asianzishiwe Historia

Makala nyingi za mtandaoni kuhusu Hifadhi ya Gombe huanza mwaka 1960, Jane Goodall alipowasili kuwachunguza sokwemtu, zikapitia mwaka 1968 eneo hilo lilipokuwa hifadhi ya taifa, zikasifu maji ya Ziwa Tanganyika, na mwishoni kabisa ndipo zinapomdokezea msomaji kwamba hakuna barabara ya kufika huko na kwamba hana budi kupanda boti. Historia hiyo ni ya kweli na ina utamu wake, lakini msomaji aliyesimama mwaloni Kibirizi, karibu na mji wa Kigoma, simu mkononi na bando likielekea kuisha, hakuifuata.

Nadhani tatizo linatokana na malezi yetu. Kwetu mgeni hupiga hodi, akasalimu, akauliza habari za watoto, ndipo akaeleza shida iliyomleta, na huo ni uungwana. Kwenye skrini ya simu, hata hivyo, salamu ndefu humfukuza mwenyeji.

Jakob Nielsen na John Morkes, watafiti wa jinsi watu wanavyotumia tovuti, walionyesha mwaka 1997 kwamba 79% ya watu waliowapima walikuwa wakipitisha macho tu kwenye ukurasa mpya badala ya kuusoma neno kwa neno. Mwaka 2006 Nielsen alieleza kwamba macho hayo mara nyingi huchora umbo la herufi F, yaani husoma mistari ya juu kwa upana, kisha huteremka yakishika ukingo wa kushoto. Ndiyo maana maneno mawili matatu ya mwanzo wa kichwa cha habari yana kazi kubwa kuliko yote yanayofuata. “Fahari ya Kigoma Isiyosemwa” hakimwambii mtu lolote. “Boti za Gombe: zinapandiwa Kibirizi” kinamwambia papo hapo kama amefika anakotaka.

Sidai kwamba makala ziwe fupi (mashairi na hadithi nayaweka kando kabisa). Mtu akishapata alichokijia, huwa na subira ya kusoma hata kurasa kumi kuhusu sokwemtu. Ninachopinga ni kumtoza historia kabla ya kumpa jibu.

Na nauli iandikwe pamoja na tarehe iliyoulizwa, kwa kuwa bei ya mafuta hupanda na kushuka, ilhali makala hubaki mtandaoni ilivyo, na abiria huja nayo kubishana na nahodha.