Kiti Kimetolewa, Mlango Je?

Kuna video imekuwa ikizunguka, na kila anayejua kwamba mambo haya yananichoma ameona ni lazima anitumie. Kijana anakabidhiwa kiti cha magurudumu kipya, nailoni ya dukani bado imefunika viegemeo vya mikono. Mgeni rasmi anahutubia. Utepe unakatwa. Jamani, utepe, kwenye kiti! Makofi, vigelegele, kila mtu anasogea apate picha. Halafu mpiga video anarudi nyuma hatua mbili tatu ili wote waenee, na hapo ndipo unaiona nyumba ya huyo kijana: ngazi tatu za saruji, mlango mwembamba, na juu ya ngazi kizingiti cha kumkwaza hata mwenye miguu yake miwili mizima.

Hakuna hata mmoja anayegeuka kuziangalia zile ngazi. Huko chini kwenye maoni watu wanamwaga "Mungu awabariki" mpaka kidole kinachoka kusogeza. Sawa, awabariki. Ila mimi bado nauliza: wakishaondoka na magari yao, huyu kijana anaingiaje ndani?

Tufanye hesabu, maana hotuba haikuwa nayo. Kipimo cha njia ya mteremko kinachotumika sehemu nyingi duniani ni 1 kwa 12. Ukipanda sentimita 1, uwe umekwenda mbele sentimita 12. Ngazi moja ya kawaida ina kimo cha kama sentimita 15, kwa hiyo ngazi tatu ni 45, na 45 mara 12 ni mita 5 na sentimita 40. Ongeza sehemu bapa pale juu, ili mtu asimamishe kiti na kufungua mlango bila kurudi kinyumenyume. Hiyo ni zege, kokoto, nondo, vishikio vya pembeni na siku kadhaa za fundi. Familia isiyopewa maelekezo wala fedha itamwita fundi wa jirani amwage zege la mita moja na nusu, na kitakachopatikana hapo kinafaa kupandishia mapipa. Mwenye kiti akijaribu kuteremka peke yake, atafika chini kwa uso.

Sisemi viti visitolewe. Asiye na kiti anatambaa, na hilo sina la kubishana nalo. Ninachosema ni kwamba tumeigawa shida ya mtu mmoja vipande viwili, tukakichukua kile kinachopendeza kwenye picha na kukiita msaada, halafu kile kingine tukakiacha mlangoni mwa familia. Kiti kina mfadhili. Mlango hauna. Ruzuku ya kurekebisha nyumba haina sherehe: huwezi kuikabidhi mbele ya kamera, huwezi kuifunga utepe, na mgeni rasmi hatapiga picha ameinama ndani ya choo cha mtu.

Na choo ndicho kilichonifanya niandike.

Namfahamu mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyepigwa na kiharusi. Hospitali walimhudumia vizuri, sina la kuwalaumu kwenye tiba. Mtaalamu wa utengamao, yaani wa kumsaidia mgonjwa arudi kujihudumia mwenyewe, alimfundisha kujihamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti na kutoka kwenye kiti kwenda chooni, taratibu, kwa mkono wake wa upande mzima. Pale wodini aliweza, kwa sababu choo cha wodini kina nafasi na kina chuma cha kushika ukutani. Akaruhusiwa kurudi nyumbani. Mlango wa choo chake una sentimita 60, ukiondoa fremu na unene wa mlango wenyewe inabaki nafasi ya kama 54. Kiti chake kina upana wa 63. Yale mazoezi yote, jasho lote lile, yakaishia kwenye sentimita 9.

Kwa hiyo mwanawe ndiye anayembeba. Mtoto wa kiume, mtu mzima, anamwinua mama yake mzazi, anampitisha kiubavu, anamkalisha, anatoka nje, anasubiri kuitwa. Wote wawili hawatazamani usoni wakati huo. Wameshazoea, wanasema. Nilipokwenda kumsalimia nikamuuliza mchana anafanyaje, kijana akiwa kazini. Akanijibu kwa sauti ile ile aliyokuwa akisomea majina darasani: "Mwanangu, nikishameza dawa za asubuhi sinywi tena maji mpaka arudi."

Mtu aliyepigwa na kiharusi, anayetumia dawa kila siku, anajinyima maji mchana kutwa kwa sababu ya upana wa mlango. Mnajua kinachofuata. Maambukizi ya njia ya mkojo, homa, wodini tena, dripu, vipimo, kitanda. Kila kitu humo kina risiti na kila risiti inalipwa na mtu, awe yeye, mwanawe, bima au serikali. Fedha za kumrudisha hospitali zilipatikana, maana za ugonjwa huwa zinapatikana hata kwa kukopa. Za kubomoa ukuta kidogo na kupanua mlango hakuna mfuko wenye jina hilo. Ndugu watakuchangia dawa. Mwambie ndugu akuchangie bawaba uone atakavyokuangalia.

Na kazi yenyewe si kujenga ghorofa. Panua mlango ufike angalau sentimita 80 za kupita, 90 ukiweza. Ugeuze ufunguke kwa nje, ili mtu akianguka ndani asiuzibe kwa mwili wake. (Hili la kufunguka kwa nje nalirudia kila mahali na nitaendelea kulirudia. Kuna watu wamelala sakafuni na waokoaji wako upande wa pili wanasukuma.) Ondoa kizingiti. Pigilia vishikio viwili kwenye ukuta imara, si kwenye vigae peke yake. Inua choo cha kukaa kiendane na kimo cha kiti. Kama nafasi ipo, acha sentimita 150 za kugeuzia kiti. Fundi mzuri na msaidizi wake wanaimaliza kazi hiyo kabla ya zile dawa za homa kwisha.

Kuna watu hawaamini mpaka waone utafiti. Upo. Ulifanyika New Zealand na kuchapishwa mwaka 2015 kwenye jarida la kitabibu la The Lancet. Nyumba za watu wa kawaida ziliwekewa vitu vya kawaida: vishikio kwenye ngazi na bafuni, taa za kutosha, mikeka isiyoteleza bafuni, kingo zinazoonekana kwenye ngazi za nje. Majeraha ya kuanguka nyumbani yakapungua kwa asilimia 26. Bila dawa mpya wala mashine. Misumari na taa. Kama kidonge kingeleta matokeo hayo, kingekuwa na matangazo kila kona.

Najua jibu linalokuja: hizo ni nchi tajiri. Haya, ni tajiri. Lakini utajiri haukuwafanya waamke siku moja wakiwa wema. Marekani ilipitisha sheria ya kuwapa ruzuku ya nyumba zilizorekebishwa wanajeshi waliopooza mwaka 1948, kwa sababu vijana walirudi vitani na haikuwezekana kuwaambia wakae nje. Serikali ikiona deni, hela inapatikana. Ikiona huruma, inapatikana risala. Uingereza iliiweka ruzuku yake kwenye sheria ya mwaka 1996: halmashauri ikipokea maombi yaliyokamilika, ina miezi 6 ya kutoa jibu, na mlemavu akiwa mtoto, kipato cha wazazi hakiangaliwi. Sweden inalipia marekebisho kupitia manispaa na haikuulizi mshahara wako kabisa. Wanachouliza ni kama unayahitaji. Ufaransa ilianzisha mpango wake mpya mwezi Januari 2024 unaobeba asilimia 50 au 70 ya gharama kulingana na kipato, kwa kazi zisizozidi euro 22,000.

Sizileti nchi hizi hapa tuzisujudie, zina madudu yao. Kiwango cha juu cha ruzuku kwa England ni pauni 30,000, na kimekaa hapo tangu mwaka 2008, kana kwamba tangu mwaka huo saruji imegoma kupanda bei. Na hiyo miezi 6 inaanza kuhesabiwa maombi yakishakamilika. Ukikosa karatasi moja, bado hujaanza kusubiri. Mwenye ugonjwa wa misuli unaokwenda kasi anaweza kupelekewa mafundi wa kuweka vishikio wakati mikono yake haishiki tena.

Japani ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu walikaribia sana kupatia. Bima yao ya matunzo ya muda mrefu, iliyoanza mwaka 2000, ina fungu la kurekebisha nyumba, yeni 200,000. Si nyingi, lakini kwa vishikio, kuondoa vizingiti na kubadilisha milango zinafanya kazi kubwa. Mwenyewe anachangia sehemu ndogo tu. Safi kabisa, mpaka ufike kwenye namna ya kulipwa. Utaratibu wao wa kawaida ni umlipe fundi yote kwanza, halafu upeleke risiti urudishiwe. Zipo manispaa zinazomlipa fundi moja kwa moja, ndiyo. Lakini hebu mtu anieleze ni nani aliyeketi ofisini akawaza hivi: huyu hana uwezo, anahitaji msaada, kwa hiyo aanze kwa kulipa. Ningekuwa nazo ningekuja kwako kufanya nini? Ugonjwa huu wa kulipa kwanza uko kwenye mipango mingi ya misaada ulimwenguni, na kazi yake ni kuwachuja masikini kimyakimya. Hakuna anayewakataa. Wanajikataa wenyewe, na mwisho wa mwaka ripoti inasema mahitaji yalikuwa madogo.

Halafu kuna upimaji wa kipato. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mwenye fedha zake ajilipie. Lakini pimeni na matumizi! Mtu anaonekana ana mshahara, hakuna anayehesabu nepi za watu wazima, usafiri wa kukodi kila anapokwenda kliniki, na msaidizi wa nyumbani anayelipwa kutoka kwenye mshahara huo huo.

Wapangaji nao ndio wamesahauliwa kabisa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 inamlazimisha mwenye nyumba kumruhusu mpangaji mlemavu kufanya marekebisho, kwa gharama za mpangaji, na ndani ya nyumba anaweza kudaiwa arudishe mambo yalivyokuwa siku ya kuhama. Yaani unalipa kuweka vishikio bafuni, ukihama unalipa kuving'oa. Asante sana.

Nyumba mpya? Zijengwe na milango mipana tangu mwanzo. Hili wala halihitaji aya.

Turudi kwenye kinachoniuma, na niseme bila kejeli. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na ibara ya 19 inazungumzia haki ya mtu kuchagua aishi wapi na na nani. Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye ulemavu mkubwa ni bilioni 1.3, yaani mtu 1 katika kila 6. Hao wote wana kwao. Yule mwalimu aliichagua nyumba yake, aliijenga, amelea watoto humo, na sasa kuna chumba kimoja ndani yake ambacho hawezi kuingia bila kubebwa. Akitolewa humo na kupelekwa kwenye kituo cha matunzo, fedha ya kumtunza huko itatoka kila mwezi mpaka afe, na hakuna atakayeiita ghali. Mlango unalipiwa mara moja.

Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha kitu kimoja tu, ningebadilisha tarehe. Siku daktari anaposema huyu hatatembea kama zamani, siku hiyo hiyo mtu atumwe nyumbani kwake kupima. Mgonjwa huwa bado ana wiki kadhaa wodini, na wiki hizo zinatosha kabisa kwa ukuta mmoja. Fedha itoke hapo, imwendee fundi moja kwa moja, na mgonjwa akirudi akute zege limeshakauka. Sasa hivi tunamrudisha kwanza, tunangoja aanguke au augue, ndipo tunampa fomu ya kuomba.

Watauliza kuhusu wizi, maana huwa hawakosi kuuliza. Watu watadanganya, mafundi watapandisha bei, ofisa atampa shemeji yake kazi. Yote yatatokea, sikatai. Lakini katika misaada yote ninayoijua, huu ndio rahisi kuliko yote kukagua. Semina unaweza kuifanya kwenye karatasi tupu, na orodha ya mahudhurio ikajaa saini. Mlango hauna hila hiyo. Mkaguzi aje na futi yake mfukoni, apime: sentimita 80 zipo, au hazipo.